Kibaba cha Mtu Mmoja: Jiko la Aliyefiwa Baada ya Matanga

Siku ya nne baada ya kumzika baba, pale Tanga, turubai lilishushwa, viti vya kukodi vikapakiwa kwenye kirikuu, na masufuria makubwa ya kikundi cha kufa na kuzikana yakasuguliwa kwa mchanga na majivu kabla ya kurudishwa stoo. Wanawake wa mtaa, ambao kwa siku tatu walikuwa wamepika kwa zamu wali, maharage na nyama kwa watu ambao hakuna aliyewahesabu, walifungua kanga walizojifunga viunoni, wakampa mama pole kwa mara nyingine, wakaenda zao. Jioni ile tulibaki nyumbani watu wanane. Wiki iliyofuata tulikuwa watatu. Eda ilipotimia, yaani miezi minne na siku kumi, shangazi aliyekuwa akikaa na mama alirudi kwake Pangani, na mama akabaki peke yake na jiko.

Nilirudi mwezi wa sita bila kutoa taarifa. Nilipitia mlango wa uani, na kabla sijapiga hodi nikamwona amechutama mbele ya ndoo ya mchele. Kibaba chake ni kikopo cha bati kilichopinda mdomo, kidogo kuliko kibaba cha dukani, alichokitumia kwa zaidi ya miaka thelathini. Alichota kikopo kimoja akakimimina kwenye ungo, akachota cha pili, akakaa nacho mkononi kwa muda akikitazama. Kisha akakirudisha ndooni, na baada ya hapo akakirudisha na kile cha kwanza. Akasimama, akachukua birika la chai. Nilipopiga hodi na kumwamkia, aligeuka, akaweka birika chini, akarudi kwenye ndoo na kuchota vikopo vitatu mfululizo bila kusita, huku akiniuliza kama nimekula njiani.

Nimeitafakari picha hiyo kwa muda mrefu, na ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya. Tunapozungumzia waliofiwa na wenzi wao, tunazungumzia mirathi, nyumba, mashamba na ada za watoto, na ni haki tuyazungumze hayo, kwa kuwa wajane wengi wamenyang'anywa hata vyombo vyao vya jikoni. Kila tarehe 23 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2010 kuwa Siku ya Kimataifa ya Wajane, hotuba nyingi huelekea huko. Sahani ya mjane, au ya mgane, haimo katika hotuba hizo. Hoja yangu ni kwamba kifo cha mwenzi huondoa kipimo ambacho nyumba ilikuwa ikipikia, na kwamba utaratibu wetu wa msiba, pamoja na ukarimu wake wote, huleta chakula wakati ambao mfiwa hakihitaji sana na kukiondoa wakati njaa yake ndiyo kwanza inaanza.

Tuanze na msiba wenyewe. Katika siku za mwanzo mfiwa hali, na hilo halimshangazi mtu. Koo limefunga, usingizi umekimbia, na anayemletea uji hunywesha nusu kikombe akashukuru Mungu. Lakini hizo ndizo siku ambazo nyumba yake hujaa chakula kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake. Wanaokula ni waombolezaji. Ng'ombe huchinjwa, magunia hufunguliwa, na mara nyingi sehemu ya gharama hubaki kwa mfiwa kama deni la duka, hivyo anaingia katika upweke wake akiwa ameshatumia akiba ambayo ingemlisha miezi kadhaa.

Haikupaswa kuwa hivyo, hata kwa mafundisho ambayo wengi wetu tunadai kuyafuata. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliagiza familia ya Jaafar itengenezewe chakula, kwa sababu limewafika jambo lililowashughulisha. Mafundisho ni kwamba jirani ampikie mfiwa. Masimulizi ya sira yanaeleza kwamba siku ile Asma bint Umais, mke wa Jaafar, alikuwa ameshakanda unga wake na kuwaosha watoto kabla Mtume hajaingia na habari. Unga ulikuwa tayari, na mwenye kuungojea mkate wake hatarudi tena. Kila nyumba iliyofiwa ina unga wa namna hiyo uliokwisha kukandwa: samaki aliyekwisha kuungwa chumvi, dumu la mafuta lililonunuliwa kwa hesabu ya watu wawili, mtindi ambao mmoja wao tu ndiye aliyekuwa akiupenda.

Lipo jambo jingine katika hadithi zilizopokewa kwa Bibi Aisha ambalo naona hatulizingatii inavyostahili. Inasimuliwa kwamba alipofiwa na jamaa yake, wanawake walikusanyika kisha wakatawanyika, wakabaki watu wa nyumbani na wandani wake tu. Hapo ndipo alipoagiza chungu cha talbina, uji laini wa shayiri, kipikwe na kumiminwa juu ya mkate uliolowekwa kwenye mchuzi, kwa sababu alimsikia Mtume akisema kwamba talbina huutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Angalia mpangilio wa tukio hilo. Chungu kilitelekwa umati ulipokwisha kuondoka. Kilikuwa kidogo, na kilichomo kilikuwa chakula chepesi ambacho koo lenye huzuni linaweza kukimeza. Sisi tumeshika kukusanyika, tukaacha chungu kinachofuata kutawanyika.

Baada ya hapo yanakuja mambo ya soko. Mtu asiyewahi kuishi katika nyumba ya pwani anaweza kudhani kwamba mjane hana shida ya chakula kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mpishi. Jiko la nyumba nyingi za kwetu, hata hivyo, lilikuwa na nusu mbili. Unguja, kwa mfano, ni jambo la kawaida mwanamume kwenda Darajani na kikapu asubuhi, akanunua samaki, ndizi, muhogo na nazi, na kurudi navyo nyumbani, na mke akaamua chakula cha siku kutokana na kilichomo kikapuni. Kwetu Tanga ilikuwa hivyo hivyo. Baba ndiye aliyejua wavuvi wa kweli na walanguzi, alijua kumfunua samaki shavu akatazama wekundu wake, na aliuziwa kwa mkopo na watu waliomjua tangu ujana. Mama alijua kila kitu kuanzia samaki anapotua kwenye kibao cha jikoni. Baba alipofariki, ile nusu ya kwanza ilikatika, na mwanamke wa miaka sitini na nane aliyepika samaki maisha yake yote akajikuta hajui anunue fungu kwa bei gani, wala asimame wapi katika mnada uliojaa wanaume wanaopiga kelele. Alichofanya ni kuacha samaki. Hakusema ameacha. Alisema hana hamu.

Kisha kuna gharama ya kupika kwa ajili ya mtu mmoja, ambayo haipungui kwa kadiri ya walaji wanavyopungua. Jiko la mkaa likishawashwa linakula mkaa ule ule, uwe umeteleka sufuria ya watu sita au kikombe cha wali. Nazi haiuzwi nusu. Ukiikuna yote, tui lake linatosha mchuzi wa watu wanne, na bila friji la kutegemewa halifiki kesho. Ukiiacha nusu kwenye kifuu, asubuhi inateleza na kunuka. Mchuzi wa nazi, ambao kwa mtu wa pwani ndio tofauti kati ya kula na kujaza tumbo, unakuwa anasa ya mtu mwenye familia. Mjane anafanya hesabu hizo bila kumwambia mtu, na jibu analolipata ni chai ya rangi na mkate, au muhogo wa kuchemsha na chumvi, au uji asubuhi unaobakizwa ukawa chakula cha mchana. Ndiyo maana nauona Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, kuwa na maana pana kuliko misitu na moshi. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unamwezesha mzee kuwasha moto wa dakika kumi kwa yai moja na kuuzima. Mkaa haumpi nafasi hiyo.

Mwili nao una hesabu zake. Kadiri umri unavyosogea, ladha na harufu hufifia, kiu hupungua hata pale mwili unapohitaji maji, na misuli hupungua isipolishwa na kutumiwa. Kijana akikosa kula vizuri kwa miezi mitatu hurudisha kilo zake akipata nafuu. Mtu wa miaka sabini akipoteza misuli ya mapaja hushindwa kuinuka kwenye kiti cha chini, halafu huanguka, na kuanguka huleta mengine. Chai na mkate vinashibisha kwa saa chache, lakini havina kitu cha kuijenga misuli hiyo. Kwa mwenye kisukari hatari ni ya papo hapo, kwani anayechoma insulini au kumeza vidonge kama glibenklamaidi kama alivyozoea, huku chakula kikiwa kimepungua nusu, sukari yake inaweza kushuka akazirai usiku na hakuna wa kumsikia.

Haya hayajulikani kwetu tu. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Marekani, Christine Rosenbloom na Frank Whittington, walichapisha utafiti uliolinganisha ulaji wa wazee waliofiwa na wenzi wao na ulaji wa wazee ambao wenzi wao walikuwa hai, na walikuta kwamba wengi wa waliofiwa hawakufurahia tena mlo, kwamba kula kulikuwa kumegeuka kazi, na kwamba lishe yao ilikuwa imeathirika. Nilipousoma nilikumbuka neno la mama. Nilimuuliza kwa nini hapiki mchana, akanijibu, "Mwanangu, kupika napika. Kukaa chini nikale ndiko kunakonishinda." Alikuwa akiandaa chakula, akakifunika kwa kawa, na kukigawa jioni kwa watoto wa jirani waliokuwa wakirudi madrasa.

Kwa upande wa wanaume, hali ni nyingine, na nadhani ni mbaya zaidi. Karibu na ninapoishi Dar es Salaam kuna mzee mstaafu aliyefiwa na mkewe miaka miwili iliyopita. Ni mtu msafi, mwenye heshima, aliyewahi kuongoza watu wengi kazini. Kwa karibu mwaka mzima baada ya msiba chakula chake kilikuwa chipsi za kibandani saa moja usiku, na asubuhi maandazi mawili na chai yenye sukari nyingi. Nilipomtembelea siku moja nikataka kumchemshia maji, nilikuta jikoni kila kitu kipo kama marehemu alivyokiacha: vikopo vya viungo vimepangwa kwa ukubwa, mwiko umening'inia, na juu ya meza kuna unga wa ugali ulioingia wadudu kwa sababu hakuna aliyeufungua tangu mazishi. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama anayekiri kosa, kwamba hakuwahi kujua chumvi inatiwa lini katika maharage, kabla hayajaiva au baada ya kuiva, na kwamba aliona aibu kuuliza.

Aibu hiyo ndiyo inayopaswa kutushughulisha. Katika makala iliyochapishwa mwaka 1969 katika jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, Colin Murray Parkes na wenzake walieleza walivyofuatilia wagane 4,486 wa umri wa miaka 55 na kuendelea, ambao wake zao walifariki mwaka 1957 katika Uingereza na Wales. Katika miezi sita ya kwanza walikufa 213, idadi iliyozidi kwa asilimia 40 ile iliyotarajiwa kwa wanaume wa umri huo wenye wake, na ongezeko kubwa lilikuwa la magonjwa ya moyo. Hawakusema kwamba njaa ndiyo iliyowaua, nami sitawasemea. Huzuni yenyewe hubana moyo kwa njia nyingi. Lakini mtu yeyote aliyeishi na wazee wenye shinikizo la damu anajua ni nani nyumbani aliyekuwa mlinzi wa chumvi. Mke ndiye aliyepunguza chumvi bila kumwambia mume, aliyechemsha nyama na kumwaga mafuta yaliyoelea, aliyejua kwamba kile kidonge cheupe kinamezwa baada ya kula na kile cha rangi kabla. Ujuzi huo haukuandikwa mahali. Daktari aliueleza kwa mke, kwa kuwa ndiye aliyeuliza maswali, na siku ya mazishi umeingia kaburini pamoja naye. Kama ningekuwa na sauti katika kliniki zetu za magonjwa sugu, ningeomba jambo moja dogo: mgonjwa wa kiume akifika na mkewe, aelezwe yeye mwenyewe mlo wake kwa maneno yake mwenyewe, hata kama mke amesimama pembeni anaitikia kwa niaba yake.

Ushauri ambao jamii humpa mgane unajulikana. Kabla ya arobaini, wakati mwingine kabla udongo haujakauka, wazee wenzake humvuta kando wakamwambia atafute mtu wa kumpikia. Wanasema kwa mapenzi. Hata hivyo naupinga ushauri huo kwa moyo wote, kwa sababu unamkosea kila anayehusika. Unamkosea marehemu kwa kumfanya aonekane kama jiko lililoharibika ambalo linahitaji kubadilishwa. Unamkosea mwanamke atakayekuja, ambaye analetwa kuziba njaa ya mtu aliye katikati ya huzuni, na ambaye kila mchuzi wake utalinganishwa na mchuzi wa aliyelala kaburini. Na unamkosea mgane mwenyewe kwa kumthibitishia kwamba hawezi kujifunza. Kuoa tena ni haki yake na huenda kukawa heri kubwa kwake, ila mwanamume aoe akiwa ameshiba, akitafuta mwenza.

Mzee wangu yule alijifunza. Haikuchukua muda mrefu kama tulivyoogopa. Jirani mmoja, mama muuza mbogamboga, alikataa kumpelekea chakula kilichopikwa, akaanza kumpelekea mchicha uliochambuliwa tayari, nyanya mbili na kitunguu kimoja, kisha akasimama mlangoni na kumwelekeza, "Shikamoo mzee. Kitunguu kwanza. Usikiache kiungue." Wiki ya kwanza kiliungua. Leo anapika mchicha wa nazi, maharage na ugali laini wa mtu mmoja, na maharage anayatia chumvi kidogo sana baada ya kuiva, kama kliniki ilivyomwelekeza alipojikaza akauliza.

Watoto nao tunakosea, na hapa ninajihukumu pamoja na ndugu zangu. Jambo la kwanza tulilolifikiria baada ya eda lilikuwa kumchukua mama aje mjini, kwa dada yetu mkubwa, ambako kuna msaidizi wa kazi na friji lililojaa. Alikaa wiki tano. Kila alipoingia jikoni aliambiwa, "Mama, pumzika." Tuliona ni heshima, na kwa kweli tulikusudia heshima. Mama alikula kidogo kuliko alivyokuwa akila Tanga akiwa peke yake, akapungua, mwishowe akaomba arudi kwake. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba tulikuwa tumemnyang'anya kitu cha pili. Kifo kilimchukulia mlaji wake, nasi tukamchukulia mwiko. Kwa mwanamke ambaye kwa miaka arobaini alimpenda mtu kwa kumkunia nazi, jiko lilikuwa mahali pekee ambapo mikono yake ilijua la kufanya wakati moyo haujui, na sisi tukampa kiti sebuleni na rimoti ya televisheni.

Ndiyo maana sikubaliani hata na namna tunavyosaidia tunapokumbuka kusaidia. Tunatuma pesa kwa simu. Tunapeleka mfuko wa mchele, sukari na mafuta mwezi wa Ramadhani au Krismasi. Wenye moyo zaidi wanapeleka chakula kilichopikwa kwenye hotipoti, wanasalimia mlangoni, wanaondoka kabla mfuniko haujafunguliwa. Vyote hivyo vina thawabu na sivibezi, kwa sababu wapo wajane ambao tatizo lao ni umaskini mtupu, wasio na huo unga wa kuchota, na kwao mfuko wa unga ni mfuko wa unga. Zanzibar ilipoanzisha pensheni jamii mwezi Aprili 2016, ikiwalipa wazee wote wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi hicho kilikuwa kidogo, lakini kwa mjane asiye na mtoto mwenye kazi kilikuwa fedha ambayo hakuiomba kwa mtu, na huko Bara bado tunaisubiri hatua kama hiyo. Ninachokisema ni kwamba mchele ulio ndooni haujageuka chakula. Mama yangu hakukosa mchele siku ile niliyomwona akiurudisha. Alikosa mtu wa kumpikia, na alipompata hakuhitaji kushawishiwa.

Wazee wetu walilijua hilo waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea kuichukua methali hiyo kama maneno ya kuhimiza ukarimu, lakini kwa nyumba ya aliyefiwa ina ukweli wa dawa. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka mjane wa Sarepta katika kitabu cha kwanza cha Wafalme. Nabii Eliya alimkuta langoni akiokota kuni mbili, amebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, akikusudia kupika kwa mara ya mwisho, yeye na mwanawe wale kisha wafe. Eliya hakuja na mfuko wa unga. Alikuja na njaa yake, akaomba apikiwe mkate mdogo kwanza, na katika nyumba hiyo unga haukuisha. Muujiza ni wa Mungu, lakini mlango alioingilia ulikuwa mgeni aliyekubali kupikiwa na mjane. Mimi nimeamua kuisoma habari hiyo hivyo, na imebadilisha safari zangu za Tanga. Zamani nilikuwa nikifika na chakula cha njiani nimeshiba, nikamwambia mama asijisumbue. Sasa nampigia simu siku mbili kabla nikamwambia ninachokitamani.

Wala suala hili halihitaji shirika jipya. Vikundi vya kufa na kuzikana vipo karibu kila mtaa, vina katiba, vina mweka hazina na daftari, na vinajua kwa undani nani alitoa sufuria na nani hakufika kuchota maji. Vinachokosa ni kifungu kimoja kinachosema kwamba msiba haujafungwa siku turubai linapokunjwa, na kwamba kwa mwaka mmoja, walau mara moja kwa wiki, wanachama wawili kwa zamu watakula mlo mmoja nyumbani kwa mfiwa, wakichangia mboga au samaki, naye akipika kama ana nguvu, au wakipika pamoja naye kama hana. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zinakutana kila wiki katika nyumba za waumini; kinachohitajika ni kukutana kwa mjane au mgane mara nyingi zaidi katika mwaka ule, na kukaa hadi sahani ioshwe. Kanisa la kwanza lilipata mgogoro wake wa ndani, kama Matendo ya Mitume sura ya 6 inavyoeleza, kwa sababu wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika huduma ya chakula ya kila siku, na mitume hawakulidharau lalamiko hilo, waliwaita watu wote wakachaguliwa wanaume saba kulishughulikia. Neno linalonigusa hapo ni hilo la kila siku. Hatuhitaji kufikia hapo. Mara moja kwa wiki ingetosha kumrudishia mtu sababu ya kuwasha moto.

Kuna tahadhari moja. Mfiwa asilazimishwe furaha mezani. Wapo ambao kwa miezi mingi hawawezi kupika kile chakula ambacho marehemu alikipenda, na wapo ambao hawataki kupika kingine. Mama hakugusa samaki wa kupaka hadi mwaka ulipotimia, nasi hatukumuuliza. Mzee wa Dar es Salaam, kwa upande wake, alianza na maharage ya nazi ya mkewe na akarudia hayo hayo hadi alipoyapatia, na kila alipokosea alikasirika kana kwamba amemvunjia ahadi. Anayekwenda kula nao ale kilichopo, azungumze habari za marehemu kama zikija zenyewe, na asiondoke mapema.

Mwaka jana dada yangu alimnunulia mama sufuria ndogo, ile ya namba ya chini kabisa, pamoja na mtungi mdogo wa gesi, akidhani amemtatulia tatizo. Mama alishukuru, akaitundika sufuria ukutani, na kwa miezi akaendelea na ile yake kubwa iliyoungua kitako, huku kinachozidi kikienda kwa watoto wa madrasa kama kawaida. Tulikwisha kuacha kumsemesha kuhusu jambo hilo. Safari yangu ya mwisho niliikuta ile ndogo iko jikoni imeshaanza kushika weusi. Aliniambia kwamba siku za juma anaitumia hiyo, kikopo kimoja cha mchele na kipande cha samaki anayeletewa na kijana mmoja mchuuzi anayepita na baiskeli, ambaye amemfundisha mwenyewe kumwonyesha mashavu ya samaki kabla hajalipa. Ile kubwa ameiweka kwa Jumamosi, kwa sababu Jumamosi shangazi huja kutoka Pangani, na wanawake wawili wa kikundi hupita baada ya alasiri, na hakuna anayejua mapema watakuja na nani.